Mtaa wa Makochi na Mabaraza Mawili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo ya mikono miwili. Natumai barua hii itakukuta goti limetulia na shemeji amepunguza kubishana na redio yake. Huku sisi ni wazima. Wifi yako anakusalimu sana, anasema kile kitambaa ulichomwahidi bado anakisubiri. Nimemwambia asikusumbue, ila nimeandika ili aone nimeandika. Mwanao hajambo, anakula vizuri, na anaongea kuliko alivyokuja. Mimi usiniulize, nguvu ni zile zile. Juzi tu nimebeba kochi la watu watatu begani peke yangu, na mmoja wa hao watu watatu alikuwa bado amelikalia.

Nakuandikia kwa sababu najua habari zitakufikia kwa midomo ya watu, na midomo ya watu unaijua. Wapo watakaokwambia mdogo wako kamsemea ovyo mtu mkubwa, na mwanao ndiye aliyempeleka. Wapo watakaokwambia nimeokoa mtaa mzima. Yote ni kweli na yote si kweli, na hapo hapo ndipo kichwa changu kinapoanza kuzunguka. Soma polepole, dada. Hata mimi nimeandika polepole.

Kama unavyojua, karakana yangu iko kwenye ile safu ya mafundi makochi nyuma ya uwanja wa mpira. Nyuma ya karakana ndiko tunakoishi, na chumba cha mwisho, chenye dirisha linalotazama ukuta, ndicho cha mwanao. Mwanzoni mwa mwaka baraza la madiwani likabandika tangazo kwamba safu yote inavunjwa, pajengwe maegesho ya magari. Fundi anayetaka nafasi nyingine ajiandikishe ofisi ya kata kabla mwezi haujaisha, apewe kibanda ng'ambo ya mto, upande wa viwanda. Kibanda cha kazi tu, siyo cha kulala. Maana yake mimi na wifi yako tungejibanza popote, lakini mwanao, yuko mwaka wa pili na mabweni ya chuo yamejaa hadi kwenye ngazi, angelala wapi? Hilo ndilo lililokuwa linaning'inia juu ya vichwa vyetu, na mpaka leo sina hakika kama limeshuka au limepanda.

Sasa, uliniagiza nichunguze ile Taasisi ya Siasa ambamo mwanao anashinda, maana uliogopa amejiunga na chama, na uhasibu wake utaharibika. Nimechunguza. Siyo chama. Ni tawi la chuo kikuu, lina jengo lake la ghorofa mbili na mlango wa kioo ambao niliugonga kwa paji la uso nikidhani uko wazi. Kila wiki wanaita mtu aje aongee ukumbini, na yeyote wa mtaani anaingia bure, anakaa, anasikiliza, anauliza. Wiki hii anakuja aliyekuwa waziri, wiki ijayo mfagia barabara, na wote wanapewa kiti kile kile na chupa ile ile ya maji. Wanafunzi nao wanatoka kwenda sokoni na stendi kuwaandikisha watu kupiga kura na kuwaeleza kazi ya diwani ni nini. Nilimuuliza mwanao nani anawalipa. Akasema hakuna. Nikamuuliza sasa kazi yote hiyo wanamfanyia nani. Akasema wananifanyia mimi. Hapo nikaanza kujipekua, maana sikukumbuka kuagiza kitu.

Basi, tangazo lilipobandikwa, mafundi walikaa juu ya fremu za makochi wakashika tama. Nikawaambia waniachie mimi, chuo kikuu wananijua. Na si uongo. Mhadhiri mmoja aliwahi kuniletea kiti chake cha ofisini, nikakitia sponji mpya, kikawa laini hadi akakilalia wiki nzima, na mwaka ule wanafunzi wake wote wakafaulu. Fundi Kucha, jirani yangu wa kushoto anayejiona anajua kila kitu kwa sababu ana televisheni karakanani, akauliza kama hawakufaulu kwa sababu mwalimu alilala. Nikamwambia wivu utamtoa vipele. Bi Sindano, yule mama anayetushonea vifuniko mtaa mzima, akasema tumeshasikia ya kiti, sasa kama nina mtu huko niende, tuone.

Mwanao akanikuta siku hiyo nanyoosha kitambaa kwenye mkono wa kochi. Akasema Jumamosi kuna kikao cha baraza pale Taasisi, madiwani watajadili habari ya mtaa wetu, na wananchi wanakaribishwa kusema. Akaendelea kueleza jambo refu, mara wanafunzi, mara zamu, mara kuokota vikaratasi. Lakini wewe unanijua. Mtu akishanipa kichwa cha habari, mwili namalizia mwenyewe. Nikamkatiza, nikamsimulia siku nilivyomnyamazisha hakimu mahakamani hadi akaniomba nimkalie kiti chake akanywe maji. Alipoona hakimu anarudi kwa mara ya pili kwenye hadithi, akaomba aazimwe nyundo yangu ndogo, akaenda zake.

Jumamosi nikavaa koti la harusi. Ukumbi ulikuwa umepangwa vizuri, meza ya mduara, vipaza sauti, mwenyekiti katikati. Nilishangaa kidogo kuona madiwani wenyewe ni vijana, mmoja bado ana chunusi. Nikajiambia, uchaguzi uliopita sikwenda kupiga kura, kumbe mambo yamegeuka kiasi hiki nikiwa nimelala. Mara namwona mwanao kwenye meza ile ile, mbele yake kibao kimeandikwa Diwani. Dada, nilitaka kulia. Mtoto wetu amekuwa diwani na hajatuambia, kwa unyenyekevu!

Unyenyekevu uliisha alipofungua mdomo. Alisimama akasema safu yetu ni kero. Gundi inanuka, mabaki ya sponji yanaziba mitaro, siku za mechi magari hayana pa kusimama, heri pavunjwe. Mtoto aliyekunywa chai kwangu asubuhi ile ile, kwenye kikombe changu! Na hiyo gundi anayosema inanuka ndiyo inayomweka chuoni. Nilimkodolea macho, akanikodolea yake kama hanijui. Nikatafuta kosa nililomfanyia tangu azaliwe, sikuliona, isipokuwa ile siku ya ubatizo wa pikipiki yangu, nilipomwangusha kidogo.

Zamu yangu ikafika. Nilisema, dada, nilisema! Na wale vijana walisikiliza. Hakuna aliyenikatiza. Waliandika, waliuliza mitaro inapita upande gani, waliuliza tukiondoka wateja watatufuataje ng'ambo ya mto, mmoja akafungua ramani akaniomba nimwonyeshe mlango wangu. Sijawahi kusikilizwa vile maishani, na wewe ndiye uliyenilea. Wakapiga kura, tukashinda. Mwenyekiti akagonga nyundo, watu wakapiga makofi, na mkurugenzi wa Taasisi, mama mmoja mwenye mvi fupi na miwani ya kamba, akanishika mkono akasema nimewafunza mengi. Nje, yule kijana wa chunusi aliyetupinga kuliko wote akaja kuniambia moyoni yuko nasi, ila upande ule alipewa tu. Mtu anapewaje mdomo wa kumpinga mtu asiyempinga? Sikuelewa, lakini nilikuwa na haraka ya kupeleka ushindi nyumbani.

Nilivyofika mtaani nilianza kupiga kelele tangu kona. Baraza limekaa, limepiga kura, hatuendi popote! Watu walinibeba. Fundi Kucha mwenyewe alinibeba mguu mmoja, ingawa alilalamika mguu ni mzito. Waliokuwa wamejipanga kwenda kata kujiandikisha wakaacha. Bi Sindano, aliyekwisha kufika mlangoni mwa ofisi, akarudi akaagiza saruji ya kurekebisha sakafu yake. Na mwanao kesho yake akaondoka na wenzake wa Taasisi kwenda wilaya za mbali kuandikisha wapiga kura. Aliporudi, mwezi ulikuwa umekwisha na ofisi ya kata imefunga milango.

Alitukuta tunapaka rangi. Akauliza rangi ya nini, nikamweleza, naye akaweka begi chini akaniomba nikae. Kisha akanieleza lile jambo refu tangu mwanzo, na safari hii nilimwacha amalize. Lile lilikuwa baraza la mazoezi. Wanafunzi wanakaa kama madiwani ili wajifunze, wanaokota vikaratasi, na kikaratasi ndicho kinachosema utetee upande upi, uupende usiupende. Yeye aliokota maegesho. Baraza lenyewe la kweli bado halijakaa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia lakini walipiga kura. Akasema ndiyo. Nikamwambia na mwenyekiti aligonga nyundo. Akasema ile nyundo ni yangu, iko jikoni, na asante kwa kuwaazima.

Mimi nilitaka tungoje wakati mzuri wa kuwaambia watu. Mwanao akasema wakati mzuri ndio huu, akapanda juu ya fremu ya kochi katikati ya njia akawaambia wote, bila kuzunguka. Akasema na wao wa Taasisi wana lawama, bango lao la kikao halikueleza vya kutosha, na yeye alipaswa kuhakikisha mjomba wake amesikia kabla hajasafiri. Fundi Kucha akasema kumfanya mjomba wako asikie siyo kazi ya mtu mmoja, hiyo ni kazi ya serikali. Wachache wakacheka. Bi Sindano hakucheka. Aliuliza taratibu tu, wala hakunitazama: ng'ambo nafasi zimefungwa, hapa tunavunjiwa, sasa tukalale juu ya kura ya wanafunzi? Dada, angenitukana ningepona. Ule utaratibu wake ndio ulionichoma.

Wanafunzi hawakutukimbia, lazima niseme. Walikuja kundi zima, wakakaa na sisi kwenye vumbi la mbao, wakatuonyesha jinsi ya kuomba nafasi ya kusikilizwa na baraza la kweli, nasi tukapewa. Wakanichagua msemaji. Fundi Kucha alisema mimi ndiye niliyeharibu kwa mdomo, mimi ndiye niutumie kutengeneza. Na mwanao akapanga hivi: Alhamisi ndiyo kikao, ila Jumanne tutafanya mazoezi, tena ndani ya ukumbi wenyewe wa baraza ili tuuzoee. Wazee wastaafu wa chuo watakaa viti vya madiwani, watufanyie roho ngumu makusudi. Hapo nilisikiliza kila neno, hata nikamrudishia yote aliyosema kwa mpangilio wake. Sikukusudia kukosea tena.

Jumanne nikaenda kwenye mazoezi. Nilivaa shati la kazi, koti la harusi nikaliacha kwa ajili ya Alhamisi. Wenzangu nikawakuta wamepiga pasi, nyuso zimekaza, Bi Sindano amefunga kilemba kipya. Nikawaambia walegee, mazoezi hayaui mtu. Fundi Kucha akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, nikadhani ni shati. Ghorofani, kwenye viti vya watazamaji, wamejaa wanafunzi na watu wenye kamera. Nikawaza hii Taasisi haifanyi mambo nusu.

Na wale wazee, dada! Niliwavulia kofia. Mmoja alikuwa anamenya chungwa chini ya meza. Mwingine amelala, mdomo wazi. Wa tatu anachezea simu na kutabasamu peke yake. Mwenyekiti, mtu mnene, alipiga miayo hadi nikaona meno ya mwisho. Nikasema moyoni, hawa wanajua kuigiza, ila wamezidisha chumvi kidogo. Hakuna baraza la kweli litakalokaa hivi mbele ya watu.

Nikaitwa. Mwenyekiti akaniambia nifupishe, muda hautoshi. Nikampongeza. Nikamwambia, mheshimiwa, umepewa kuigiza mtu asiye na muda na umempatia, uso unaukubali kabisa. Ghorofani wakacheka. Mwenyekiti akavimba kwa hasira, nami nikazidi kumsifu kwamba hata hasira anaiweza. Nikamwomba aliyelala akorome kwa sauti ili na wa nyuma wafaidi. Nikamwambia wa chungwa atugawie, maana kama ni diwani kweli basi chungwa ni letu. Watu wakavunjika mbavu, na yule aliyelala akaamka akauliza wamefika wapi. Nikamwambia tumefika kwako.

Kisha nikaacha mzaha, maana ukishapata masikio ya watu usiyachezee. Nikauliza kati yao nani amewahi kukanyaga mtaa wetu anyooshe mkono. Hakuna mkono. Nikawaambia, basi mnavunja msichokijua. Kwenye ramani yenu nyumba yangu ni mstari wa penseli. Nyuma ya mstari huo analala mtoto wa dada yangu, mwanafunzi, kitanda chake kimegusa ukuta kwa sababu chumba hakina upana mwingine. Njooni mlete gari lenu, mliegeshe juu ya kitanda hicho mimi nikitazama. Njooni mfanyie kikao chenu kule kule mtaani, na kila mnayemvunjia aseme kwa mdomo wake kabla hamjapiga kura. Kama mnaogopa, semeni tu, tutawafanyisha mazoezi na nyinyi.

Wa chungwa akaliweka chungwa mezani, akanyoosha mkono, akatoa hoja kwamba baraza likakae mtaani. Mama mmoja wa pembeni akaiunga mkono. Mwenyekiti akatazama kamera, akanitazama mimi, akatazama kamera tena, akasema imepita, kikao Jumatatu, mtaa wa makochi.

Nilitoka kifua mbele. Nikamkuta mwanao kwenye ngazi nikamwambia wale wazee wako ni hodari, wapewe zawadi, na Alhamisi kwenye kikao chenyewe nitaongeza makali. Alinitazama, macho yamejaa machozi na mdomo unacheka. Akaniambia mjomba, hakuna Alhamisi. Baraza lilisogeza kikao chake mbele ghafla, mazoezi yakafutwa, na yeye alituma neno kwa wifi yako jana yake. Wifi yako anaapa aliniambia, nikiwa napiga pini kwa ile mashine ya upepo, nami nikaitikia kwa kichwa. Siwezi kubisha, hivyo ndivyo ninavyoitikia mambo yake mengi.

Nikakaa kwenye ngazi. Nikamuuliza, mwenyekiti ni mwenyekiti kweli? Akasema kweli. Na wa chungwa? Diwani kweli. Na yule aliyelala? Kweli. Na alilala kweli? Akasema kweli kabisa, mjomba, hulala kila kikao. Sasa niambie wewe uliyesoma kunizidi. Wale vijana wa mazoezi walisikiliza kama ndio wa kweli, na hawa wa kweli wamekaa kama waigizaji wabovu. Mtu atajuaje yuko kikao kipi? Nilimuuliza mwanao, akasema wenzake pale Taasisi wanaliuliza swali hilo hilo. Nikamwambia basi wakipata jibu waniletee, mimi nafunga duka saa kumi na mbili.

Jumatatu wakaja. Tulitoa makochi yote barabarani, hata ya wateja, tukawakalisha madiwani. Mtaa ulijaa hadi juu ya mabati. Mkurugenzi mwenye mvi alikuja, wanafunzi walikuja, kamera zilikuja. Mwenyekiti akaomba msemaji wa mafundi asimame. Nikasimama, koti la harusi mwilini. Nikawatazama madiwani, nikawatazama watu wetu. Sikusema neno. Nikatazama tena. Mtaa ukanyamaza hadi ukasikia bendera ya uwanjani inavyopigwa na upepo.

Basi Bi Sindano akasimama. Alieleza jinsi alivyoanza na sindano moja kibarazani, na watoto wake waliosomea chini ya meza ya kukatia vitambaa. Alipokaa akasimama Fundi Kucha, akasema mambo ya maana kabisa kuhusu mitaro, sijui aliyatoa wapi. Kisha mwingine, kisha mwingine, hata yule mpiga msasa ambaye sisi tulidhani hana sauti. Mimi nilibaki nimesimama hadi wa mwisho akamaliza, ndipo nikakaa. Yule diwani wa usingizi hakulala, ingawa alikalia kochi langu bora.

Wakapiga kura pale pale. Mwenyekiti akasoma kwamba utekelezaji umesitishwa hadi mapitio ya mpango yatakapokamilika. Nikamuuliza mwanao maana yake. Akasema hawavunji sasa. Nikamuuliza tumeshinda? Akasema hatujashindwa. Nikamuuliza hadi lini. Akasema hadi wamalize. Nikamuuliza watamaliza lini. Akasema hilo ndilo la kwenda kuuliza, vikao viko wazi, na mwenye mtaa ndiye wa kuuliza. Kwa hiyo, dada, chumba cha mwanao kipo. Kwa jinsi ninavyoelewa kipo, na kwa jinsi nisivyoelewa pia kipo, kwa sasa.

Na hapa ndipo watu wameanza kunisifu. Gazeti limeandika habari za fundi aliyenyamaza ili mtaa wake useme. Mkurugenzi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema tangu aanze kazi ile hajaona kiongozi anayejua kukaa pembeni kama mimi. Taasisi imeniomba Ijumaa hii nikahutubie ukumbini, kwenye ule mpango wao wa wiki, mbele ya wanafunzi na watu wa mjini, kuhusu uongozi wa kuwapa wengine nafasi. Bango limeshatoka, lina picha yangu, na nimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko waziri wa wiki iliyopita. Sikumkanusha mtu yeyote. Nilitikisa kichwa tu, kama mtu aliyepanga.

Sasa nakwambia wewe peke yako, na sehemu hii usimsomee shemeji. Sikupanga kitu. Ulimi ulikufa, dada. Nilikuwa na maneno yangu yote, nilikuwa nimeyasema mbele ya wifi yako hadi akahama chumba. Lakini nilipowaona watu wetu wananitazama, nikajua hili halina vikaratasi, halina kusema kumbe. Neno moja baya, na wote hawa wanalala nje, na kitanda kile kinatolewa ukutani. Mimi niliyemtania mwenyekiti mbele ya kamera, nilimtania kwa sababu nilidhani si mwenyekiti. Nilipomjua, sikuweza hata kumsalimia. Bi Sindano asingesimama, mpaka sasa ungenikuta nimesimama pale pale, na magari yameegeshwa kunizunguka.

Mwanao anajua. Alikuwa amesimama karibu, anasema aliona mguu wa suruali unatetemeka, akanyamaza kwa heshima. Nilimwambia nitamwomba mkurugenzi anitoe kwenye bango. Akakataa. Anasema niende, nikawaambia wanafunzi ukweli huo huo, kwamba niliweza nilipodhani ni mchezo nikashindwa nilipojua si mchezo, kwa sababu nusu ya ukumbi ina hofu hiyo hiyo na hakuna mhadhiri aliyewahi kuwaambia. Anasema hata yeye alitetemeka siku ile juu ya fremu. Mimi sikumwona akitetemeka. Siku hizi nagundua kuna mambo mengi sikuyaona.

Uliniagiza nimtoe kule. Simtoi, dada, unisamehe. Nikimtoa, nani atatuambia kikao kijacho ni lini? Uhasibu wake unaendelea vizuri, nimeona alama zake kwa macho yangu, na hesabu alizotufanyia kuhusu yale maegesho zilimfanya mwenyekiti aombe maji.

Kwa hiyo Ijumaa nitaenda. Nitasema nini, sijui. Naweza kusimama nikasema ukweli. Naweza kusimama nikasema uongo, na uongo wangu unaujua, ni mtamu. Au naweza kusimama nikanyamaza tena, na kinachonitia hofu kuliko vyote ni kwamba nikinyamaza watapiga makofi.

Niandikie kabla hujalifikiria sana jambo hili, maana ushauri wako wa papo kwa papo ndio huwa mzuri. Msalimu shemeji, mwambie goti lako si la kuchotea maji. Wasalimu watoto wote na majirani wanaonikumbuka kwa mema, na wale wengine pia. Wifi yako anasema tena habari ya kitambaa. Mwanao anakubusu mikono, na ataandika mwenyewe akitulia, ingawa sijui atatulia lini.

Ni mimi mdogo wako, fundi makochi, ambaye mtaa mzima sasa unamwita Mzee Kimya. Usicheke.